Seva imepaniki na NFS iko ndani: ukamate ushahidi kwa picha, pstore, netconsole, siriali au kdump?

Kama una seva ya Linux inayogawa mafaili kwa NFS au Samba (njia mbili za kugawana mafaili kwenye mtandao), iwe ofisi ya chama cha msingi Newala, zahanati Nachingwea au maabara ya kompyuta ya chuo hapo Mtwara mjini, na kila baada ya muda keneli (kiini cha mfumo wa Linux) inakufa, yaani inapaniki, basi kazi yako ya kwanza sio kurekebisha, ni kujua imekufa na nini. Ukishawasha tena mashine yale maneno yaliyojaa kwenye skrini yameshaondoka, na fundi utakayempigia Dar atakuuliza kitu kimoja tu, "una treisi?", yaani yale maneno ya keneli yanayoonyesha imekufia kwenye fankisheni gani, ukisema hauna mazungumzo yameishia hapo, atakwambia badilisha ramu ukomae.

Njia za kukamata hiyo treisi zipo kama tano na watu wanabishana sana ipi bora, wakati zinategemea sana uko wapi na una nini. Ntaziweka pembeni kwa pembeni, ila kabla ya hapo kuna jambo wengi wanalichanganya.

Imekufa kweli au imeganda tu?

NFS kwa kawaida inamauntiwa (foda la seva linaunganishwa kwenye mashine ya mteja) kwa mtindo wa hard, maana yake seva ikipotea mteja anaisubiri tu, hakati tamaa. Karani wa ghala yuko kwenye mizani msimu wa korosho, anabonyeza kuhifadhi stakabadhi kwenye laptopu, programu inaganda, ukifungua teminali ukapiga `ls` kwenye lile foda nayo inaganda, Ctrl+C haifui dafu, `ps` inaonyesha prosesi ziko hali ya D, yaani zimekwama zinasubiri diski au mtandao. Anakupigia anasema kompyuta imekufa. Haijafa. Angalia `dmesg` utakuta `nfs: server 192.168.1.5 not responding, still trying`, na ukifuatilia unakuta swichi iliyo juu ya kabati imezima kwa sababu umeme umekatika na yenyewe haiko kwenye UPS, seva ndo iko kwenye UPS peke yake. Swichi ikirudi inaandika `OK` na kazi inaendelea ilipoishia. Hapo hauhitaji hata njia moja kati ya hizi tano, unahitaji kuchomeka swichi kwenye UPS.

Kuna ya pili, ile ya `blocked for more than 120 seconds`. Hiyo ni onyo, keneli bado hai inakwambia kuna prosesi imekwama. Piga `echo w > /proc/sysrq-trigger` kama root alafu soma `dmesg`, itakumwagia prosesi zote zilizokwama na kila moja imekwama kwenye fankisheni gani, bure kabisa bila kuinstoli kitu.

Ya tatu ndo yetu: `BUG: kernel NULL pointer dereference`, `general protection fault`, au ile yenyewe `Kernel panic - not syncing`. Na hapa pana mtego. Keneli inaweza kupata oops (hitilafu isiyoua mashine nzima), ikaua uzi mmoja tu, alafu mashine ikaendelea kutembea huku inachechemea, ila ule uzi uliokufa ulikuwa umeshika lock (kufuli ambayo wengine lazima waisubiri) ya NFS, kwa hiyo baada ya dakika kumi kila anayegusa lile foda anaganda. Wewe unaona kuganda, unahangaika na swichi, kumbe kifo chenyewe kilitokea mapema na kiko juu kwenye logi. Ndo maana kabla ya yote piga `journalctl -k -b -1` uone logi ya buti iliyopita, kama `/var/log/journal` ipo na iko kwenye diski ya ndani mara nyingine oops nzima unaikuta imekaa pale inakusubiri. Na weka sysctl (mipangilio ya keneli) mbili, `kernel.panic_on_oops=1` pamoja na `kernel.panic=10` ili mashine ikipata oops ife kabisa na ijiwashe yenyewe baada ya sekunde kumi, kuliko kuchechemea na kuharibu mafaili ya watu.

Alafu tafadhali, msikimbilie kubadilisha mount kuwa soft eti ndo dawa ya kuganda. Soft ikichoka kusubiri inairudishia programu eraa katikati ya kuandika, na faili linaweza kubaki nusu bila mtu kujua mpaka siku ya malipo ya wakulima. Watu wanaona `timeo=600` wanadhani ni dakika kumi, ile inahesabiwa kwa sehemu za kumi za sekunde, yaani ni sekunde 60 tu.

Vigezo nilivyotumia

Viko vinne. Inakamata kiasi gani, mistari michache au kumbukumbu nzima ya keneli. Inategemea nini kiwe hai wakati wa kifo, maana ushahidi lazima utokee mahali: netiweki, diski, ramu au waya. Inagharimu nini kwa hela, vifaa na usumbufu. Na inamfaa nani. Kwa maoni yangu cha pili ndo mfalme, hasa kwa mambo ya NFS, kwa sababu njia ya kutolea ushahidi ikipita palepale palipoharibika basi hupati kitu.

1. Picha ya simu

*Inakamata:* kile kilichobaki kwenye skrini tu, na mara nyingi ni mkia wa treisi. Mstari muhimu kuliko yote, ule wa `BUG:` na ule wa `RIP:` unaotaja fankisheni iliyokuwa inaendeshwa, huwa umeshapanda juu umepotea, na keneli ikishapaniki huwezi kuscroll. Keneli kuanzia 6.12 zinaweza kuonyesha kodi ya QR yenye logi ndani yake, ila lazima iwe imewashwa na draiva ya kadi ya skrini iikubali, seva nyingi za kwetu ziko kwenye keneli za zamani kuliko hiyo.

*Inategemea:* monita iwe imechomekwa na mtu awepo. Saa nane usiku nani yupo. Na kama umeweka ile `kernel.panic=10` basi una sekunde kumi za kuitafuta simu.

*Gharama:* sifuri.

*Inamfaa:* yule ambaye imemtokea leo kwa mara ya kwanza na hakuwa amejiandaa. Piga, alafu chagua mojawapo ya zinazofuata.

2. pstore

Hii haijulikani sana na mi naipenda. Keneli ikipaniki inaandika kipande cha mwisho cha logi kwenye sehemu inayobaki mashine ikijiwasha upya: kwenye kumbukumbu ya UEFI (programu ya ubao inayowasha mashine, mrithi wa BIOS), kwenye ERST (hifadhi ya ubao ya taarifa za hitilafu) kwa seva za maana, au kwenye kipande cha ramu kilichotengwa, hiyo inaitwa ramoops.

*Inakamata:* kidogo, kiwango cha kawaida ni kama kilobaiti 10 za mwisho. Lakini treisi moja ya NFS inaenea vizuri humo: unapata `RIP`, unapata `Call Trace`, unapata orodha ya moduli. Ukiwasha mashine nenda `/var/lib/systemd/pstore`, systemd inahamishia huko ikitoa `/sys/fs/pstore`. Ukikuta vipande vibichi vimeandikwa Part1, Part2 na kuendelea ujue Part1 ndo ya mwisho kabisa kuandikwa, unasoma kwa kurudi nyuma, usije ukachanganyikiwa.

*Inategemea:* ubao wenyewe tu. Netiweki ife, diski ife, haijali. Ile ya UEFI hata umeme ukikatika baada ya kuandika inabaki, ila ramoops umeme ukikatika imeenda na maji, inavuka kuwashwa upya bila umeme kukatika tu. Ila elewa pia kwamba pstore inaandika pale keneli inapopata nafasi ya kupaniki. Umeme ukikata ghafla, au mashine ikaganda bila neno, hamna kilichoandikwa, ukikuta patupu usiseme imegoma.

*Gharama na kazi:* bure, kama mashine inabuti kwa UEFI. Zile desktopu za zamani za BIOS tunazonunua kwa mtumba hazina bahati hiyo. Angalia `cat /sys/module/pstore/parameters/backend`, ukikuta haijashika kitu jaribu kuongeza `efi_pstore.pstore_disable=0` kwenye mstari wa buti, maana distro nyingine zinaizima kwa makusudi. Na futa vya zamani, ile kumbukumbu ya UEFI ni ndogo.

*Inamfaa:* mwenye seva moja, peke yake, asiye na mashine ya pili wala hamu ya kuhangaika.

3. netconsole

Hii inatuma logi ya keneli kwa mashine nyingine kupitia mtandao, na hapa ndo penye ubishi. Mtu anakwambia "sasa mtandao ndo unaua keneli, we unatuma logi kupitia mtandao huohuo, akili gani hiyo?" Swali zuri, ila jibu lake sio rahisi hivyo.

NFS inakaa juu: chini yake kuna RPC (njia ya kuomba kazi kwa mashine nyingine), chini yake TCP, chini yake IP, chini kabisa ndo draiva ya kadi. netconsole haipandi huko juu, inatengeneza pakiti ya UDP yenyewe na kuisukuma moja kwa moja kwa draiva ya kadi kupitia kitu kinaitwa netpoll. Kwa hiyo kama kifo kiko kwenye `nfs4_` au `rpc_`, netconsole inapita chini yake salama salimini na treisi inafika. Kama kifo kiko kwenye draiva ya kadi yenyewe, hapo ndo yule mbishi anakuwa sahihi, utapata mistari miwili mitatu alafu kimya, au hupati kitu. Na hata huo ukimya unakwambia kitu, unaanza kuishuku kadi.

*Inakamata:* kila kinachoandikwa na keneli tangu ulipoiwasha, sio mkia tu. Hii ni faida kubwa kuliko pstore, maana kwa NFS mara nyingi hadithi inaanza nusu saa kabla: `not responding`, `OK`, `not responding` tena, alafu ndo oops. Ukiona mtiririko ule unajua kabisa kifo kimekuja wakati wa kuunganisha upya. Kumbuka kupandisha kiwango cha maneno kwa `dmesg -n 8`, la sivyo mengine hayatumwi.

*Inategemea:* kadi ya waya, waya, swichi na mashine ya kupokea, vyote viwe hai. UDP haihakikishi kufika, mistari mingine itadondoka njiani. Waifai isahau.

*Gharama na kazi:* laptopu yoyote kuukuu ya kupokea. Kwenye seva:

`modprobe netconsole netconsole=6665@192.168.1.5/eth0,6666@192.168.1.20/aa:bb:cc:dd:ee:ff`

Ile ya mwisho ni anwani ya MAC ya mpokeaji, na kama mpokeaji yuko subneti nyingine unaweka MAC ya rauta, sio yake, hapa ndo wengi wanakwama wanasema haifanyi kazi. Kwa mpokeaji `nc -u -l 6666` ukiielekeza kwenye faili inatosha, kuna matoleo ya nc yanataka `-p` kabla ya namba. Na logi inaenda wazi bila kufichwa, usiitume nje ya ofisi.

*Inamfaa:* mwenye mashine kadhaa sehemu moja, mfano maabara yenye wateja ishirini wanaomaunti home zao kutoka seva moja. Laptopu moja inapokea za wote.

4. Siriali

Ya kizee na haidanganyi, logi inatoka kwa waya kwenye tundu la siriali. Unaongeza `console=tty0 console=ttyS0,115200` kwenye mstari wa buti, unachomeka kebo ya null modem (kebo ya siriali ya kuunganisha kompyuta mbili moja kwa moja), upande wa pili laptopu yenye adapta ya USB na `screen /dev/ttyUSB0 115200`.

*Inakamata:* kila kitu kama netconsole, na zaidi, hata kifo cha wakati wa kubuti kabla kadi ya mtandao haijaamka, kwa mfano mashine inayobuti na root yake ikiwa kwenye NFS.

*Inategemea:* karibu hamna. Waya mmoja. Kwa kesi za draiva ya kadi hii ndo inabaki imesimama wenzake wakiwa chini.

*Gharama na kazi:* hapa kusini ndo ugumu ulipo. Adapta za USB sio ghali, ila null modem yenyewe haikai kwenye kila duka la vifaa, unaagiza Kariakoo inapandishwa basi, na njia ikiwa nzima ni kesho, ila wanaokumbuka Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilivyokata barabara ya Lindi kwenda Dar wanajua kwamba kifaa cha kuagiza ni kifaa cha kukiagiza mapema. Desktopu nyingi hazina tundu nyuma lakini pini ziko kwenye ubao, unahitaji kale kawaya ka kutolea nje. Seva yenye IPMI (kidhibiti cha ubao cha kuisimamia mashine kwa mbali) imekusamehe yote haya, `ipmitool` na `sol activate` basi, japo hapo umerudi kutegemea netiweki, walau ya pembeni. Na kasi ni ndogo, 115200 ni kama herufi elfu 11 na nusu kwa sekunde, ukiwasha `rpcdebug` (maelezo ya ndani ya uchunguzi) kwa NFS yote alafu ukaimwaga kwenye siriali mashine itatambaa mpaka utadhani ndo imekufa.

*Inamfaa:* mwenye kifo kinachorudi rudi na njia nyingine zimetoka patupu.

5. kdump

Keneli ya pili inakaa imelala kwenye ramu iliyotengwa tangu kubuti. Ya kwanza ikifa, ya pili inaamka, inakuta kumbukumbu ya marehemu iko vilevile, inaikopi kwenye `/var/crash` alafu inawasha mashine upya.

*Inakamata:* sio logi tu, kumbukumbu yote ya keneli. Ukiifungua na programu ya `crash` unapiga `log` unasoma maneno ya mwisho, `bt` unaona uzi uliokufa, na `foreach UN bt` inakuonyesha kila prosesi iliyokuwa imekwama na imekwama wapi. Kwa zile lock za NFS ambapo A anamsubiri B na B anamsubiri C aliyeuawa na oops, hamna njia nyingine kati ya hizi inayokuonyesha mnyororo mzima.

*Inategemea:* diski ya ndani na nafasi ndani yake. Unaweza kuielekeza itume kwa ssh au kwenye NFS, na kiufundi inawezekana kwa sababu keneli ya pili inaanza upya ikiwa safi, lakini kama seva ya NFS unayoitumia kupokea ndo hiyohiyo inayokupa shida, au kadi ndo mbovu, dampu halifiki. Weka ndani, utalihamisha baadaye.

*Gharama na kazi:* ramu. RHEL 9 na nduguze Rocky na Alma wanatenga MB 256 kwa mashine ya GB 4 mpaka 64, kwa mashine ya GB 4 inauma. Unahitaji pia vmlinux (faili la keneli) yenye alama za kuchunguzia inayolingana na keneli yako herufi kwa herufi, na faili hilo ni kubwa, kwa bando la simu utalia, bora ulipakue ukiwa kwenye intaneti ya maana. `makedumpfile -d 31` inaondoa kurasa tupu, keshi na data za programu za watumiaji, kwa hiyo dampu la mashine ya GB 16 linashuka sana. Lakini kwa zahanati angalieni, bado linaweza kubaki na vipande vya data, usimtumie mtu hovyo.

Na lazima ulijaribu. Baada ya kazi, watu wametoka, mafaili yamefungwa, `sync`, alafu `echo c > /proc/sysrq-trigger`. Hiyo inaua mashine kweli, sio mchezo. Ikirudi na `/var/crash` ina kitu, umemaliza.

*Inamfaa:* mwenye seva ya maana, mwenye fundi au sapoti atakayelisoma hilo dampu. Kama hamna wa kulisoma, umejaza diski.

Sasa wewe uko wapi

Ofisi ya seva moja, mashine ya UEFI, huna mtu wa IT: washa pstore, weka zile sysctl mbili, logi ya journal iwe kwenye diski ya ndani. Inatosha kuanzia, treisi utakayopata ndo utamtumia fundi.

Ofisi ileile ila mashine ya BIOS: netconsole kwenda laptopu ya karani, na swichi iingie kwenye UPS, la sivyo umeme ukiyumba seva inapaniki swichi ikiwa imelala.

Maabara yenye wateja wengi wanaokufa kwa zamu: netconsole kwa wote. Ukiona wote wanakufa kwenye fankisheni moja ya `nfs` au `rpc` ni suala la toleo la keneli, jaribu keneli nyingine. Wakifa kila mmoja sehemu tofauti isiyohusiana, au ni mashine moja tu inayokufa, ipitishe memtest86+ (programu ya kupima ramu) usiku kucha kwanza, ramu mbovu inajificha sana nyuma ya NFS kwa sababu inapitisha data nyingi.

Treisi inataja draiva ya kadi, au netconsole inakatika katikati: siriali, au badilisha kadi uone, kadi ya mtumba inaweza kuwa rahisi kuliko kebo. Angalia pia mstari wa `Tainted`, ukikuta herufi P au O kuna moduli ya nje ya keneli rasmi, mara nyingi ni draiva mtu aliyoikompailia mwenyewe, itoe uone kabla ya kumlaumu NFS.

Samba badala ya NFS: yote yaleyale, ila kwa upande wa mteja anayemaunti utatafuta majina ya `cifs_` na `smb2_`. Kwa upande wa seva, Samba ya kawaida iko nje ya keneli, yenyewe ikianguka sio kernel panic, isipokuwa kama unatumia ksmbd, seva ya SMB ya ndani ya keneli, iliyoingia kwenye keneli 5.15.

Kuganda kwingi bila oops, na `echo w` haijakutosha: kdump pamoja na `kernel.hung_task_panic=1`, ili kuganda kugeuke kuwa panic na dampu lipatikane. Hii iwashe kwa seva unayoichunguza tu na kwa muda wa uchunguzi, usiieneze kwa wateja wote, maana swichi ikizima dakika tatu mashine zilizokuwa zinasubiri tu zinaweza kuanza kujiua moja moja.

Na kama ni Oktoba, minada imeanza na foleni ya malori iko nje ya ghala, usianze kujaribu kdump wiki hiyo. Washa pstore na netconsole, ambazo hazihitaji kuzimisha mashine kama bahati iko upande wako, kdump isubiri msimu upoe.